Nyimbo mbili za kwanza ni za fundi wa mitambo ya sauti, bendi inaanza ya tatu

Mhariri,

Wako Wanairobi wengi ambao roki ya hapa kwetu wameisikia mara moja tu. Mtu alipita katika ukumbi mdogo Westlands au katikati ya jiji usiku wa Ijumaa, akalipa mlangoni, akasimama kando ya kaunta. Maikrofoni ikapiga mluzi, magitaa yakanguruma kama kinu cha posho, mwimbaji akawa anafumbua na kufumba mdomo bila neno hata moja kusikika. Baada ya nyimbo mbili mtu huyo akatoka, na tangu siku hiyo ukimuuliza habari za bendi za roki za Nairobi jibu lake ni hilo hilo: makelele. Sisi tunaosimama nyuma ya miksa (meza ya kurekebishia sauti) na tunaopiga ala katika shoo hizo tunaomba nafasi tumweleze kilichotokea, kwa sababu bendi yenyewe hakuisikia. Aliondoka kabla haijafika.

Shoo ndogo huwa na bendi tatu au nne. Bendi ya watu wanne ikipimwa vizuri huchukua dakika 40: dramu 15, besi 5, magitaa mawili 10, sauti za waimbaji 5, na dakika 5 za wimbo mmoja wote wakipiga pamoja. Bendi nne ni karibu saa tatu. Mlango ukifunguliwa saa moja jioni, spika ziwe zimesimama na kuwaka kufikia saa kumi. Sasa gari lililobeba spika likikwama Waiyaki Way mpaka saa kumi na moja na nusu, kumebaki muda wa bendi mbili.

Na hapo kuna jambo ambalo watazamaji hawalijui. Desturi ya kazi hii ni kupima kinyumenyume. Bendi itakayofunga shoo hupimwa kwanza na itakayofungua hupimwa mwisho, ili dramu na vipimo vya miksa vibaki vilivyo mpaka watu waingie. Ni desturi nzuri, ila muda ukikatika anayekosa ni yule wa mwisho kupimwa, yaani bendi ya kufungua. Bendi ya kufungua ndiyo changa, isiyojulikana, ambayo mtu angetoka nayo kifua mbele akisema aliiona ilipokuwa bado inapigia watu 40. Kwa hiyo bendi inayostahili kugunduliwa ndiyo hupanda jukwaani ikiwa na sauti mbaya kuliko zote usiku huo, na haina kosa.

Isipopimwa hupata dakika kumi za kugusa waya: kiki (dramu kubwa ya mguu) mara tano, snea (dramu ndogo ya mbele) mara tano, nyuzi za besi, gitaa, “moja mbili” kwenye maiki. Hilo humwambia fundi kwamba waya zinapitisha sauti, basi. Halimwambii ni kiasi gani gitaa litaimeza sauti ya mwimbaji wote wakianza. Hayo atayajua wimbo wa kwanza ukiwa unaendelea, na ndiyo maana huanza kwa kuitafuta sauti ya mwimbaji. Wimbo wa pili huutumia kutenganisha besi na kiki zisigongane. Ukumbi nao umebadilika. Ulipokuwa mtupu sauti kali zilikuwa zikiruka kutoka sakafuni na kwenye vioo. Watu wakiingia na majaketi yao wanazinyonya, na vipimo vya saa kumi na mbili havifai tena saa mbili. Kufikia wimbo wa tatu fundi aliye makini huwa amemaliza. Asiyekuwa makini yuko kwenye simu yake, na huyo hatuna la kumtetea.

Bendi nayo yaweza kumsaidia fundi. Wimbo wa kwanza uwe ule ambao ala zote zinaingia pamoja na mwimbaji anaanza mapema. Bendi inayofungua kwa gitaa moja taratibu kwa dakika mbili, halafu wote waingie kwa kishindo, inamnyima fundi dakika hizo mbili na kumpa mshtuko mahali pake.

Malalamiko tunayoyasikia zaidi ni kwamba maneno hayasikiki. Watu hudhani dawa ni kupandisha maiki. Katika ukumbi wa watu 80 dramu hazihitaji maikrofoni, labda kiki tu, kwa kuwa zenyewe zimeshajaza chumba. Maiki ya mwimbaji iko mita moja mbele ya matuazi (visahani vya shaba vya dramu) na inayasikia kama inavyomsikia yeye. Ukiipandisha unapandisha matuazi pia, na baada ya hapo kinachofuata ni mluzi. Suluhisho liko jukwaani, kabla ya miksa. Dramu zirudi nyuma kabisa, mwimbaji aje mbele angalau mita mbili. Mpiga dramu atumie fimbo nyembamba za namba 7A badala ya 5B. Kipande cha utepe kibandikwe kwenye ngozi ya snea kuua mlio unaoning’inia. Chini ya dramu litandikwe zulia la mita mbili kwa mbili, ambalo pia huzuia kiki isitambae mbele kila inapopigwa. Jukwaa la vigae bila zulia utalitambua kwa mpiga dramu anayevuta kiki kwa miguu kati ya nyimbo kama mtu anayevuta godoro.

Halafu kuna gitaa, na hapa ndipo ugomvi mwingi hutokea. Spika ya inchi 12 hutupa sauti zake kali mbele moja kwa moja kama tochi. Mpiga gitaa akiiweka sakafuni na kusimama mita moja mbele yake, tochi hiyo inampiga kwenye muundi. Masikio yake yako juu, yanapata mngurumo tu. Anaona gitaa lake limefifia, anaongeza sauti, anaongeza ukali. Mita tano mbele, msikilizaji aliyesimama kwenye njia ya ile tochi anakatwa masikio. Fundi akimwomba apunguze, mpiga gitaa anajibu kwa haki kabisa kwamba hajisikii. Kreti ya bia humaliza kesi hiyo: weka amplifaya (sanduku lenye spika hiyo) juu yake, iinamishe nyuma kidogo imwelekee mwenyewe usoni. Tumeona kreti moja ikishusha sauti ya jukwaa zaidi ya maneno yote. Kwa chumba cha watu 80, amplifaya ya valvu ya wati 15 hadi 30 inatosha na kusaza. Ile ya wati 100 ni ya fahari, na wahenga walishasema ngoma ikivuma sana hupasuka.

Mkwaruzo wa gitaa nao una hesabu yake. Mtu huutengeneza nyumbani kwa sauti ya chini, akaujaza, akapunguza masafa ya kati (sauti zisizo nzito wala kali) kwa kuwa chumbani husikika mnene na mtamu. Jukwaani gitaa la namna hiyo hupotea. Chini limegongana na besi, juu limegongana na matuazi, na katikati, ambako gitaa huishi, hakuna kitu. Kata mkwaruzo uwe nusu ya ule wa nyumbani, rudisha masafa ya kati, ondoa yaliyo chini ya hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde) umwachie mpiga besi. Gitaa peke yake litasikika jembamba. Ndani ya bendi litakaa mahali pake.

Sasa tuseme kidogo kuhusu Kiswahili, kwa sababu bendi nyingi za Nairobi huimba kwa Kiswahili, Sheng au mchanganyiko na Kiingereza, na lugha yetu ina shida yake mbele ya matuazi. Maneno yetu huishia kwa irabu, na irabu zina mwili, husikika hata kwenye kelele. Konsonanti ndizo hubeba maana, nazo hukaa kwenye masafa ya juu, kuanzia hezi 2,000 hivi kwenda mbele, palepale panapojaa matuazi na ukali wa gitaa. “Tunapita”, “tunapika” na “tunafika” zimetofautiana kwa konsonanti moja au mbili. Tuazi moja la nguvu likipigwa juu ya silabi hiyo, msikilizaji anabaki na “tuna-i-a”. Mpiga dramu anayejua kazi huhama kwenye matuazi makubwa wakati wa ubeti, akakaa kwenye haihati (matuazi mawili madogo ya kufunga kwa mguu) iliyofungwa, akayarudia kwenye kiitikio ambacho kila mtu ameshakikariri. Fundi naye hupunguza gitaa kidogo kwenye hezi 2,500 hadi 3,000 ili sauti ya mtu ipate mlango.

Liko kosa jingine ambalo ni letu sisi mafundi. Miksa nyingi zina kifaa kinachofunga maiki mwimbaji anaponyamaza na kuifungua anapoanza. Kikiwekwa vibaya hufungua kwa kuchelewa na kula silabi ya kwanza. Kwa Kiingereza hasara ni ndogo. Kwa Kiswahili ukanushi wetu uko mwanzoni mwa neno: mwimbaji anasema “hatutalipa”, ukumbi unasikia “tutalipa”. Wimbo wa mgomo umegeuka risiti. Kwenye shoo ndogo kifaa hicho kizimwe kabisa kwa waimbaji.

Mluzi huja maiki inapoisikia spika inayotoa sauti yake yenyewe, ikairudisha, ikazunguka. Maiki za waimbaji zinazotumika kila mahali, kama Shure SM58, husikia vizuri mbele na husikia kidogo sana nyuma, upande wa waya. Basi monita, yaani spika inayomrudishia mwimbaji sauti yake, iwekwe iutazame mkia wa maiki. Spika kuu ziwe mbele ya mstari wa maiki, juu ya stendi, sehemu ya sauti kali ipite vichwa vya watu, kama mita mbili kutoka sakafuni. Spika ikiwekwa juu ya meza, safu ya kwanza ya watazamaji inanyonya kila kitu na walio nyuma hupata mngurumo. Halafu kuna waimbaji wanaofumbata kichwa cha maiki kwa kiganja. Wameiga video. Kiganja huziba matundu ya nyuma ambayo ndiyo huifanya maiki ichague upande, ikaanza kusikia kote, monita ikiwemo. Mwimbaji wa aina hiyo akisikia mluzi hugeuka kumwangalia fundi kwa hasira, mkono ungali pale pale.

Mvumo mzito usiokoma ni stima. Umeme wetu ni wa hezi 50, na waya za jukwaani zikichomekwa kwenye soketi ya laini moja na miksa kwenye nyingine, tofauti ndogo kati ya waya zao za ardhi (earth) huingia kwenye spika. Vuta umeme wa jukwaa na wa miksa kutoka sehemu moja. Taa za disko zipewe laini yao. Friji za baa zipewe yao pia: ule mpasuko unaosikika kila baada ya dakika kadhaa bila sababu mara nyingi ni kompresa ya friji inayowaka. Besi ipitie kisanduku cha DI (kinachounganisha ala na miksa) chenye swichi ya kukata ardhi ya mawimbi ya sauti. Asije mtu akakata pini ya ardhi kwenye plagi. Mvumo utaisha kweli, na siku gitaa litakapopata hitilafu, mwimbaji anayeshika nyuzi kwa mkono na kugusa maiki kwa mdomo ndiye atakuwa ardhi.

Stima ikipotea, jenereta huchukua sekunde kadhaa kushika, na miksa ya kidijitali huchukua muda zaidi kuamka. Betri ndogo ya UPS kwa ajili ya miksa peke yake huokoa shoo. Kabla umeme haujarudi, zima spika. Kuwasha ni miksa kwanza, spika mwisho. Kuzima ni kinyume chake. Tumeshazika spika nyingi kwa kupuuza hilo.

Kwa wenye kumbi tuna neno moja kuhusu kuta. Mikahawa yetu mingi ni vigae chini, vioo mbele na mabati juu. Simama katikati ya ukumbi wakati hauna watu, piga kofi moja. Ukisikia mlio unaotetemeka kama bawa la nzi, kuta mbili zinarushiana sauti. Msibandike trei za mayai. Ni karatasi nyembamba, hazinyonyi chochote cha maana, na zinashika moto upesi. Godoro la sponji linanyonya zaidi lakini likiwaka hutoa moshi wa sumu, katika chumba chenye mlango mmoja. Nunueni mapazia mazito ya mtumba katika soko la Gikomba au la Toi, upana uwe mara mbili ya ukuta ili yakae kwa mikunjo, yaning’inizwe sentimita 10 hadi 15 kutoka ukutani. Mwanya huo una kazi, kwani huliwezesha pazia kunyonya kushuka mpaka karibu hezi 800 badala ya sauti kali peke yake. Besi haitasikia pazia. Wimbi la hezi 80 lina urefu wa zaidi ya mita nne, na hilo dawa yake ni kulipunguza tu kwenye miksa na kuondoa spika za besi kwenye pembe za chumba, kwa sababu pembe huzikuza.

Majirani nao wana haki yao. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira), huhesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja, na kwa eneo la biashara zimeweka desibeli 60 mchana na 35 usiku. Desibeli 35 ni utulivu wa maktaba. Dramu peke yake, bila spika, huzidi hapo mara nyingi mno, kwa hiyo mwenye ukumbi asiyekuwa na kibali anacheza na moto. Busara ni kuanza mapema. Bendi ya kwanza saa kumi na mbili unusu, ya mwisho imalize saa tatu na nusu, madirisha ya upande wa makazi yafungwe, mlango uwe na pazia la pili. Kuanza mapema kunamfaa pia mtazamaji anayerudi Kayole au Rongai kwa matatu.

Turudi kwa msomaji wetu wa kaunta. Mahali alipoweka kiwiko palikuwa pabaya. Karibu na ukuta wa nyuma besi hujikusanya na kufunika kila kitu. Mbele kabisa utasikia amplifaya moja na dramu, sauti ya mwimbaji ikipita juu ya kichwa chako. Mahali pazuri ni hatua mbili mbele ya miksa, katikati ya spika mbili, maana fundi anarekebisha kwa masikio yake na wewe uko karibu nayo. Miksa ikiwa imesukumwa pembeni chini ya ngazi, kama ilivyo kumbi nyingi, simama katikati theluthi mbili ya chumba kutoka jukwaani.

Na aje na vizibo vya masikio. Shirika la Afya Duniani, katika kiwango lilichotoa mwaka 2022 kwa kumbi za burudani, liliweka kikomo cha wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15. Kila desibeli 3 zinapoongezeka nguvu ya sauti huwa maradufu, na muda ambao sikio huvumilia hupungua nusu. Vizibo vya sponji vya duka la dawa vinatosha. Kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kishike kwa nusu dakika kinapojaa. Kikiwekwa mlangoni mwa sikio hakizuii chochote ila konsonanti, na tumeshasema konsonanti ndizo hubeba maana.

Akiwa amesimama pazuri, aisikilizeje bendi asiyoijua? Asianze na mwimbaji. Aangalie mguu wa mpiga dramu na mkono wa mpiga besi: kiki na noti ya besi zikitua pamoja, bendi hiyo imefanya mazoezi, hata kama gitaa linakwaruza hovyo. Asikilize miisho ya nyimbo. Kuanza pamoja ni rahisi kwa sababu mpiga dramu huhesabu kwa kugonga fimbo mara nne. Kumaliza pamoja kunahitaji watu wanaosikilizana. Asikilize sehemu za chini, kama wanaweza kupiga kwa sauti ndogo bila kupunguza mwendo. Amwangalie mwimbaji kama anarudi nyuma na maiki anapopiga ukelele na kuisogeza mdomoni anaponong’ona. Halafu angoje gitaa litoke kwenye sauti yake sahihi. Bendi nyingi hushusha uzi mnene wa gitaa kutoka E hadi D ili ulie mzito, na uzi huo usipokuwa mnene vya kutosha, ukilegezwa hivyo huyumba na kupoteza sauti yake sahihi. Seti ya nyuzi zenye unene wa 10 hadi 52 (elfu za inchi) hukaa vizuri kuliko ya 10 hadi 46. Gitaa likitoka kwenye baridi ya Julai na kuingia chini ya taa za jukwaa hupoteza sauti sahihi ndani ya robo saa. Bendi nzuri ina pedali ya kupimia inayonyamazisha gitaa wakati wa kurekebisha, na ina mtu wa kuongea na watu wakati huo. Bendi mbaya hutulazimisha sote kusikiliza “ting, ting, tiiing” kwa dakika nne.

Wapo pia wanaosema roki ni ya Wazungu na bendi zetu zinaiga. Gitaa la umeme lina historia ndefu katika jiji hili. Daudi Kabaka, aliyerekodi Nairobi na Equator Sound Band, alitunga Helule Helule, na mwaka 1968 bendi ya Uingereza iitwayo The Tremeloes iliupiga wimbo huo ukaingia katika chati za kwao. Nani alimwiga nani hapo? Na katika miaka ya karibuni zaidi zimekuwapo Murfy’s fLaw, Parking Lot Grass, Last Year’s Tragedy na Crystal Axis, kila moja na lahaja yake ya roki. Duma, bendi ya watu wawili, walitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, wakasikilizwa Ulaya kabla ya majirani zao kuwajua. Redio ya XFM, iliyokuwa masafa ya 105.5, ilikuwa ikizicheza bendi za hapa. Ilipozimwa, shoo ndogo ikabaki kuwa mlango mkubwa.

Mlango huo haulipi sana. Tuseme kiingilio ni shilingi 500 na wameingia watu 60: ni shilingi 30,000. Ondoa 12,000 za spika na fundi, ondoa 4,000 za kukodi dramu, zimebaki 14,000. Bendi tatu za watu wanne wanne ni watu 12, kila mmoja shilingi 1,166, na bado hajalipia gari la kurudisha amplifaya Umoja. Mtu akiingia kwa “niko kwenye orodha” mara kumi, shilingi 5,000 zimeondoka. Anayetaka kuisaidia bendi alipe mlangoni, na akipenda alichosikia anunue fulana, maana pesa hiyo haigawanywi na mtu. Ajue pia jina la bendi kabla hajatoka. Inashangaza ni wangapi huondoka wakisema “wale wa tatu walikuwa wakali” na safari inaishia hapo, kwa sababu hakuna aliyelitaja jina jukwaani. Mwimbaji alitaje mara tatu: mwanzo, katikati, mwisho, polepole, dramu zikiwa zimenyamaza.

Kwako, Mhariri, tuna ombi. Ukurasa wa burudani wa Ijumaa huchapisha majina ya wanaofunga shoo na picha zao. Tunaomba mstari mmoja zaidi kwa kila tamasha dogo: majina ya bendi zote kwa mpangilio wa kupanda, saa ambayo ya kwanza inapiga noti yake ya kwanza (si saa ya mlango kufunguliwa), kiingilio, na steji ya matatu iliyo karibu. Waandaaji wakishajua saa hiyo itachapishwa gazetini, watampigia simu mwenye spika saa nane mchana.

Mafundi wa mitambo na wapigaji wa shoo ndogo,
Ngara, Nairobi